Sauti zikishanyamaza: mwongozo wa kumsaidia mwenye skizofrenia kurudi kwenye shughuli zake

Familia nyingi hapa Mwanza zinaujua ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia kwa vurugu zake. Mtu anasikia sauti wasizosikia wengine, anawatuhumu majirani kwamba wamemroga, halali, anatoka Igogo hadi Buhongwa kwa miguu bila viatu. Anapelekwa hospitali, anachomwa sindano, na baada ya wiki kadhaa anatulia. Ndugu wanamshukuru Mungu. Kisha linakuja jambo ambalo hakuna aliyewaandaa nalo. Mgonjwa ni mtulivu, anakula, analala, lakini ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Anaanza kufua, anaacha nguo kwenye beseni hadi jioni. Ukimuuliza swali, jibu linachelewa mpaka unadhani hakusikia. Hapo ndipo neno "mvivu" linapoingia nyumbani.

Huo si uvivu. Skizofrenia, ambayo duniani inampata takribani mtu 1 kati ya 300, hugusa pia umakini, kumbukumbu, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo. Mara nyingi upungufu huo unatangulia sauti zenyewe: kijana aliyekuwa anafaulu anaanza kushuka darasani, na walimu wanasema ni utundu wa ujana. Dawa tulizonazo zinadhibiti vizuri sauti na imani za uongo, ila kwa kumbukumbu na umakini msaada wake ni mdogo. Na tangu miaka ya 1990 tafiti zimekuwa zikirudia jambo lile lile: anayeweza kurudi kazini, kutunza fedha zake na kuishi na watu hutabirika zaidi kwa uwezo huu wa akili kuliko kwa wingi wa sauti alizowahi kusikia.

Mwongozo huu ni wa kipindi hicho, mtu akiwa ametulia au amepata nafuu kubwa. Kama bado hajatulia, anza na hospitali. Ninaandika kama dada anayeishi na mdogo wake mwenye ugonjwa huu, si kama daktari. Mambo ya dawa nayagusa ili ujue cha kuuliza ukifika kliniki.

Hatua ya 1: Tazama, kisha andika

Tafuta daftari dogo. Kwa wiki mbili usirekebishe chochote, andika tu unachokiona, kwa maneno ya kawaida, pamoja na saa. "Amesahau" haitoshi. Andika amesahau nini, baada ya muda gani, na alikuwa akifanya nini.

Unatafuta kujua kinachokwama ni kipi hasa, maana msaada wake hutofautiana. Umakini: anaweza kufuatilia taarifa ya habari ya redio hadi mwisho? Kumbukumbu: mtume vitu vitatu dukani, uone vinarudi vingapi. Kasi: uliza swali jepesi, nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Utashangaa mara ngapi jibu linakuja ukifika saba, na mara ngapi mlikuwa mnamkatiza. Kuna pia kuwasoma watu. Jirani anacheka na simu yake, mgonjwa anadhani anachekwa yeye, kwa sababu sura na sauti za watu zimekuwa ngumu kwake kuzitafsiri.

Kupanga ndiko kunakofichika zaidi. Mdogo wangu, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, ukimwambia apike ugali na dagaa, kila kitendo anakijua. Anaosha dagaa vizuri, anakata kitunguu chembamba kuliko mimi. Lakini anawasha jiko kwanza, anabandika sufuria tupu, ndipo anakumbuka dagaa bado wana mchanga, anakwenda kuwaosha, na sufuria inaungua. Kisha anasimama katikati ya jiko na kuuliza, "Dada, naweka nini sasa?" Mikono yake haina tatizo. Kinachompotea ni mpangilio. Ukilijua hilo huwezi kumwambia tena "wewe hujui kupika".

Hatua ya 2: Ondoa vinavyozidisha uzito wa kichwa

Kabla ya kufundisha chochote, hakikisha hakuna kitu kingine kinachomlemea. Hatua hii familia nyingi huiruka, nami naiona kuwa na faida ya haraka kuliko zote.

Anza na dawa. Wagonjwa wengi wanaotumia dawa kuu za kudhibiti sauti, kama haloperidoli, Largactil au sindano ya Modecate, hupewa pia Artane. Artane inazuia mikono kutetemeka na misuli kukakamaa kunakoletwa na dawa hizo, na ina kazi yake hasa: shingo ikipinda ghafla na macho yakakwama kutazama juu, jambo ambalo mtaani huitwa pepo, mara nyingi ni madhara ya dawa, na Artane au dawa ya aina yake ikitolewa hospitalini huyaondoa haraka. Lakini Artane hiyo hiyo ikitumika miezi na miaka huharibu kumbukumbu, hukausha mdomo na huleta kufunga choo. Wapo wanaoimeza kwa mazoea tu, kwa sababu iliandikwa siku ya kwanza na hakuna aliyeuliza tena. Uliza: "Daktari, Artane bado anaihitaji? Inaweza kupunguzwa?" Ikipunguzwa, ipunguzwe polepole na kwa maelekezo. Wewe usiisimamishe nyumbani, wala usiguse dawa kuu kwa sababu ametulia.

Uliza pia kuhusu kipimo cha dawa kuu na saa ya kuimeza. Anayesinzia hadi saa tano asubuhi huenda anahitaji dozi yake isogezwe usiku, au ipunguzwe, au dawa ibadilishwe. Hapo ndipo daftari lako linapofanya kazi, kwani "anasinzia hadi saa tano, siku tano kati ya saba" ni maneno ambayo daktari hawezi kuyapuuza.

Halafu mwili. Malaria, upungufu wa damu, kisukari, VVU, sonona (huzuni nzito isiyoondoka), vyote hupunguza uwezo wa kufikiri. Sisi wa mwambao wa ziwa tuna la ziada, kichocho na minyoo, ambavyo hunyonya damu taratibu bila kelele. Vipimo vya kawaida vya damu, choo na sukari vifanyike. Bangi na gongo havihitaji maelezo marefu: bangi hurudisha sauti, pombe hugombana na dawa. Na kama mtu aliyekuwa hivyo hivyo kwa miaka ameanza kushuka ghafla ndani ya siku au wiki chache, usiseme "ugonjwa umeendelea". Upungufu wa skizofrenia kwa kawaida haukimbii hivyo. Kuna kitu kipya, atafutiwe.

Joto kali la mwili pamoja na misuli iliyokakamaa na kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia dawa hizi ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 3: Nyumba ibebe kinachoshindwa kubebwa na kichwa

Mtu mwenye macho dhaifu tunampa miwani, hatumwambii ajitahidi kuona. Fanya vivyo hivyo hapa.

Kila kitu chake kiwe na mahali pamoja pasipobadilika: mswaki, kadi ya kliniki, ndala, ufunguo. Sehemu hizo azichague yeye. Ratiba ya siku ibandikwe ukutani, isizidi mistari sita, kwa maneno makubwa. Kwetu imeandikwa kwa makapeni nyuma ya kalenda ya mwaka jana: kuamka, kuoga, chai na dawa, kuchota maji, kupumzika, matembezi ya jioni. Mistari ikiwa kumi na miwili haisomwi na mtu yeyote, mgonjwa au mzima.

Dawa iunganishwe na kitu anachokifanya tayari, kama chai, badala ya kutegemea saa. Kisanduku chenye vyumba vya siku saba kinasaidia. Usipokipata, vikopo saba vyenye majina ya siku vinatosha kabisa. Faida yake ni kwamba ubishi wa "nimeshameza" na "hujameza" unakwisha kwa kutazama kikopo. Kengele ya simu ni nzuri ikiwa moja au mbili. Zikizidi anaanza kuzizima bila kusikiliza.

Namna ya kuongea nayo ibadilike. Mwite jina, subiri akutazame, toa agizo moja, fupi, kisha umwombe akuambie alivyosikia. Si kwa sauti ya mwalimu, kwa sauti ya kawaida: "Kwa hiyo unaniletea nini, mdogo wangu?" Zima redio kwanza. Na muwakubalishe wageni utaratibu huu, hasa wajomba wanaopenda kuuliza maswali manne kwa pumzi moja.

Hatua ya 4: Fundisha kazi moja bila kumwacha akosee

Sisi wote tumelelewa na "jaribu, ukikosea utajifunza". Kwa mtu ambaye kumbukumbu yake ni dhaifu, mbinu hiyo inamuumiza. Kosa alilolifanya linakaa kichwani sawasawa na jibu sahihi, na kesho hajui lipi ni lipi. Kwa hiyo usimwambie abahatishe. Mwonyeshe, fanyeni pamoja, umsaidie kabla hajakosea, kisha uondoe msaada kidogo kidogo.

Chukua kazi anayoitaka yeye. Mfano uanikaji wa dagaa, maana kwenye mialo yetu kazi hiyo haikosekani. Ikate vipande: kupokea ndoo, kumwaga kwenye chanja au wavu, kutandaza tabaka jembamba, kugeuza, kuangalia mawingu, kukusanya. Aanze na kipande cha mwisho, kukusanya, kwa sababu kinaisha na matokeo yanaonekana: gunia limejaa, amelijaza yeye. Akikizoea mwongeze kutandaza. Kugeuza kuwekewe kengele ya simu. Kuangalia mawingu mwachie mwingine kwa muda mrefu. Kutazama mvua inayokuja kutoka ziwani na kuamua "sasa tukusanye" kunadai kasi na uamuzi, na dagaa waliokauka nusu wakinyeshewa ni hasara ya watu kadhaa. Hakuna sababu ya kumbebesha lawama hiyo.

Siku nne au tano za kurudia jambo lile lile, saa zile zile, ni bora kuliko siku moja ndefu. Msifu kwa kitu mahususi: "Umetandaza vizuri, hawajashikana." Sifa za jumla jumla anazitambua kuwa ni za kumfariji.

Hatua ya 5: Mazoezi ya akili na ya mwili

Nchi zilizoendelea zina programu za kompyuta za kunoa kumbukumbu na umakini kwa watu hawa, na tafiti zinaonyesha zinafanya kazi. Lakini faida inashika hasa pale mazoezi yanapoambatana na mtu wa kumwelekeza mbinu, na pale yanapounganishwa na kazi halisi. Mtu akicheza michezo ya simu peke yake kutwa nzima, anakuwa hodari wa mchezo huo, basi. Sokoni anabaki vile vile.

Kwa hiyo usihangaike na kompyuta. Bao na drafti ya vizibo vya soda vinadai umakini, kupanga na kusubiri zamu, na vinachezwa na mtu wa pili, jambo ambalo ni dawa lenyewe. Wakati wa kucheza mwulize kwa sauti, "Unataka kula wapi? Ukisogeza hapo mimi nitafanya nini?" Anajifunza kusema mpango wake kabla ya kutenda. Kisha peleka mbinu hiyo jikoni: kabla ya kuwasha jiko, aseme kwa sauti hatua tatu za kwanza.

Mazoezi ya mwili yana ushahidi mzuri pia kwa kumbukumbu na umakini. Nusu saa ya kutembea kwa kasi hadi jasho litoke, mara tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri, na kwa mji wenye vilima kama huu mtu hahitaji kulipia ukumbi. Yanamsaidia pia na unene, sukari na presha, ambavyo baadhi ya dawa za ugonjwa huu, kama olanzapini, huvileta. Watu wenye skizofrenia hufa mapema kuliko wenzao, kwa miaka 10 hadi 20, na sehemu kubwa ni moyo na magonjwa mengine ya mwili. Uzito na presha vipimwe kila kliniki.

Hatua ya 6: Kazi na fedha

Chagua kazi kwa kutazama daftari. Anayeshindwa kupanga lakini ana uvumilivu atafaa kuchambua dagaa, kuosha ndoo, kumwagilia bustani ya mchicha. Anayeshindwa kasi asiwekwe mahali pa wateja wengi kwa wakati mmoja.

Kuna kazi moja ya huku ambayo mimi naipinga waziwazi, nayo ni kwenda kuvua dagaa usiku. Uvuvi huo hufanyika kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, maana yake mtu anakesha usiku baada ya usiku. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vitu vinavyorudisha ugonjwa upesi, na dawa zenye kusinzisha haziendani na ukingo wa mtumbwi. Watu watasema kazi ya ziwa inamrudishia mtu heshima. Heshima ipo nchi kavu pia.

Jua nalo liangaliwe. Largactil hufanya ngozi iungue haraka juani, na dawa nyingi za kundi hili, Artane ikiwemo, huvuruga uwezo wa mwili kujipoza. Kofia pana, mikono mirefu, maji ya kunywa karibu, na kivuli kuanzia saa sita hadi saa tisa.

Akifanya biashara ndogo, ipunguzie hesabu. Kopo moja shilingi 1,000, hakuna nusu kopo, hakuna kukopesha. Bei moja inaokoa mambo mengi: chenji haimchanganyi, na wajanja hawana mlango wa kupitia. Kwenye simu abaki na kiasi kidogo, akiba ikae pengine kwa makubaliano naye, na namba yake ya siri asiisome kwa sauti mbele ya wakala. Fedha zake ni zake, hata hivyo. Ndugu anayezishika aandike kila anachotoa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua pia ulemavu wa akili, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ofisa ustawi wa jamii au wa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza masharti. Ushauri wangu ni kutokimbilia. Mkopo kwa mtu ambaye bado anajifunza kupanga siku yake unaweza kumwangusha upya. Akiimudu kazi kwanza miezi kadhaa, deni litampata amesimama.

Hatua ya 7: Muulize maisha yake anayaonaje

Tunapima nafuu kwa macho yetu: ananyoa, hapigi kelele, anakula. Shirika la Afya Duniani, kwenye dodoso lake la ubora wa maisha lenye maswali 26, linauliza mengine: mwili, nafsi, mahusiano na watu, na mazingira anayoishi. Nawe uliza kwa lugha ya nyumbani, siku ya utulivu. Wiki hii ulifurahia nini? Una rafiki wa kuongea naye? Dawa inakusumbuaje? Ungependa kufanya nini ambacho hatukuruhusu?

Majibu yanaweza kukushangaza. Mwenye kumbukumbu nzuri na anayeuelewa ugonjwa wake vizuri si lazima awe ndiye mwenye furaha zaidi. Mara nyingine ndiye mwenye huzuni kubwa, kwa kuwa anaona wazi alichokipoteza, wenzake wameoa, yeye bado anahesabiwa vidonge. Kinachohusiana zaidi na namna mtu anavyoyaona maisha yake ni sonona, upweke na madhara ya dawa, kuliko kumbukumbu. Kwa hiyo ukiwa umeshughulikia kumbukumbu tu, umeshughulikia nusu.

Takribani 5 kati ya kila watu 100 wenye ugonjwa huu hufa kwa kujiua. Akianza kusema ni mzigo, akagawa vitu vyake, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vya akiba, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo.

Kuhusu kliniki na safari

Hospitali za Bugando na Sekou Toure ndiko wengi wa mjini wanakohudhuria. Walioko Ukerewe waanze na hospitali ya wilaya pale Nansio, na wa Sengerema vivyo hivyo na yao, ili safari ya Mwanza ibaki kwa yale yanayohitaji bingwa. Sindano za muda mrefu kama Modecate hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa mtu anayesahau vidonge zinaweza kuwa nafuu kubwa, ulizia. Tarehe ya sindano kwa watu wa visiwani iandikwe siku mbili tatu kabla ya ile ya kadi, maana upepo ukichafuka meli haisubiri kadi ya mtu.

Ukifika kwa daktari una dakika chache. Andika mambo matatu tu kwenye karatasi, la muhimu juu, umpe mgonjwa mwenyewe aisome au aikabidhi. Kuna siku mhudumu mmoja alizungumza nami dakika zote kama vile mdogo wangu ni mzigo niliouleta kwenye toroli. Siku hizi nakaa nyuma, yeye anakaa kiti cha mbele.

Kwa mganga wa jadi au kwenye maombi, familia nyingi zitakwenda, na sitaandika kana kwamba haziendi. Masharti mawili: dawa za hospitali zisikatwe, na mtu asifungwe kamba wala minyororo, wala kunyimwa chakula. Mizizi ya kunywa mwambie daktari, maana baadhi yake hulaza usingizi juu ya usingizi wa dawa.

Mwisho, mtafute mtu wa pili. Awe shangazi, jirani, au mwenzake wa drafti, anayejua vikopo vinakaa wapi, kengele inalia saa ngapi na tarehe ya sindano. Mpe nakala ya kurasa muhimu za daftari sasa, ukiwa mzima, na umwachie afanye zamu siku moja kila mwezi. Siku hiyo nenda saluni, au lala.